Kasi Mbili za Mmenyuko Mmoja: Kisa cha Epoksidi, Asidi ya Lewis na Maji ya Masika, Dodoma

Mwanafunzi mmoja wa uzamili katika chuo kimoja hapa Dodoma alipima kasi ya mmenyuko uleule, wa kuunganisha molekuli za epoksidi kuwa mnyororo mrefu (polima), kwa misimu miwili, Agosti na Januari, akapata majibu mawili yasiyopatana. Kemikali zilitoka kwenye chupa zilezile. Masharti yalikuwa yaleyale: sikloheksini oksidi (epoksidi yenyewe) moli 1 kwa lita, kichocheo cha boroni trifluoridi eterati (asidi ya Lewis, yaani kemikali inayopokea jozi ya elektroni) kuanzia milimoli 5 hadi 20 kwa lita, kiyeyushi diklorometani, na bafu la maji la nyuzi 25. Agosti, hata alipoongeza kichocheo mara mbili, kasi ilitikisika kidogo tu. Januari, alipokiongeza mara mbili, kasi nayo ilikaribia kuongezeka mara mbili. Kwa lugha ya kinetiki, yaani elimu ya kasi za mmenyuko, kipeo cha kichocheo (namba inayoonyesha kasi inavyofuata kiasi chake) kilikuwa jirani na sifuri wakati wa kiangazi na jirani na moja wakati wa mvua.

Alishauriwa achague seti moja na kuitupa nyingine. Nilipopewa daftari lake nilisome, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa hilo.

"Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo ya Agosti niitupe?"

"Marahaba mwanangu. Usitupe hata ukurasa mmoja."

Seti zote mbili zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni safu moja katika jedwali lake, safu ya maji.

Kwanza nieleze kwa nini binti huyu alikuwa anashughulika na epoksidi, maana kazi yenyewe ina shabaha nzuri. Singida na Dodoma ni nyumbani kwa alizeti. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na asidi hiyo ina vifungo viwili-viwili ambavyo haidrojeni peroksidi, ikisaidiwa na asidi ya asetiki au ya fomiki, huvigeuza kuwa pete za epoksidi. Mafuta yaliyogeuzwa hivyo yanaweza kuunganishwa na asidi ya Lewis yakawa utomvu mgumu, kitu kinachoweza kupakwa juu ya mbao au kushika nyuzi za katani. Ndoto yake ni utomvu unaotokana na zao la mkulima wa hapahapa. Lakini molekuli moja ya mafuta hayo hubeba epoksidi kadhaa, na kila epoksidi inayofunguka huunga mnyororo pande mbili. Kwa hiyo mchanganyiko huganda mapema mno, sehemu ndogo tu ya epoksidi ikiwa imetumika. Ukishaganda huwezi kuuvuta kwa sindano, na asidi ya titresheni (kupima kiasi cha kemikali kwa kuidondoshea nyingine) haipenyi sawasawa ndani ya ganda. Ndiyo maana alianza na sikloheksini oksidi: ina epoksidi moja tu kwa molekuli, na epoksidi hiyo, kama ile ya mafuta, imekaa katikati ya kaboni mbili zilizobeba matawi. Ukielewa kasi yake umepata mlango wa kuingilia kwenye mafuta. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ninausema wazi kwa sababu baadhi ya waliosikiliza wasilisho lake la kwanza walimlaumu kwa kuacha alizeti.

Sasa tuingie ndani ya chupa. Pete ya epoksidi ina atomi tatu tu, kaboni mbili na oksijeni moja, na pembe zake zimebanwa kuliko zinavyopenda. Mbano huo ndio nguvu ya mmenyuko wote. Ikifunguka na kuingia kwenye mnyororo, hutoa joto la kilojuli 95 hivi kwa kila moli. Boroni trifluoridi kwa upande wake ina atomi ya boroni iliyopungukiwa jozi moja ya elektroni, kwa hiyo hujishikiza kwenye oksijeni yoyote itakayoikuta: ya eta iliyokuja nayo, ya epoksidi, ya polima, au ya maji. Ikishika maji, kinachozaliwa ni asidi kali ya protoni. Protoni hiyo hukaa juu ya oksijeni ya epoksidi na kufanya ioni ya oksonio, yaani oksijeni yenye vifungo vitatu na chaji chanya. Epoksidi nyingine huishambulia ioni hiyo kwenye kaboni, pete inafunguka, na sasa kuna ioni ya oksonio yenye matawi matatu inayongoja epoksidi inayofuata. Mnyororo unarefuka hivyo, hatua kwa hatua, chaji chanya ikiwa daima nchani.

Kwamba asidi ya Lewis huhitaji mwenzi ili kuanzisha mnyororo si habari mpya. Miaka ya 1940, A. G. Evans, Michael Polanyi na wenzao pale Manchester walionyesha kwamba isobutini iliyokaushwa vizuri haishughuliki na boroni trifluoridi iliyokaushwa vizuri. Mmenyuko ulianza pale chembe za unyevu ziliporuhusiwa kuingia. Kwa epoksidi mambo ni magumu zaidi kidogo, kwa sababu kuna njia ya pili. Mwaka 1937 Hans Meerwein alitengeneza chumvi za trietili oksonio kwa kuchanganya boroni trifluoridi eterati na epikloridini, ambayo yenyewe ni epoksidi. Maana yake ni kwamba epoksidi, eta na boroni trifluoridi zinaweza kuzaa ioni ya oksonio bila kusubiri maji. Kwa hiyo hata ukikausha kila kitu kwa namna ya ajabu, usitarajie ukimya kamili. Njia hiyo hata hivyo ina hatua nyingi, na panapokuwa na maji, protoni huiwahi.

Hapa ndipo hesabu ndogo inapozidi maneno mengi. Lita moja ya diklorometani ina uzito wa gramu 1,326 hivi. Ikiwa na maji sehemu 100 kwa kila milioni kwa uzito, hayo ni gramu 0.13 za maji, sawa na milimoli 7.4. Kichocheo cha binti huyu kilianzia milimoli 5. Yaani kiyeyushi ambacho wengi wetu tungekiita kikavu kilikuwa na maji mengi kuliko kichocheo chenyewe. Na diklorometani ikishiba unyevu hubeba zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni, ambayo ni milimoli zaidi ya 70 kwa lita.

Hewa nayo ina mchango wake. Alitumia chupa ya mililita 250 yenye myeyusho wa mililita 50, kwa hiyo mililita 200 za juu zilikuwa hewa au gesi. Kwa nyuzi 25, hewa yenye unyevu wa asilimia 70 hubeba gramu 16 za maji kwa mita ya ujazo. Mililita 200 za hewa hiyo zina miligramu 3.2, yaani milimoli 0.18. Katika myeyusho wake wa kichocheo milimoli 10 kwa lita, jumla ya kichocheo ndani ya chupa ni milimoli 0.5. Hewa iliyokaa juu tu, kabla hujagusa kiyeyushi wala monoma (epoksidi ambayo bado haijaunganishwa), inaleta maji yanayozidi theluthi ya kichocheo chote. Hewa yenye unyevu wa asilimia 35 italeta nusu ya hayo. Alipitisha naitrojeni, ndiyo, lakini kwa puto la mpira lililoachwa limefungwa usiku kucha, na mpira mwembamba hupitisha mvuke wa maji taratibu kutoka nje kuja ndani.

Mtu anayeishi Dodoma hahitaji kuambiwa tofauti ya misimu hii miwili. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Agosti, watu wakijaa Nzuguni kwa Nane Nane, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Januari chumvi inalowa jikoni. Mwanafunzi alipima mmenyuko unaoitambua tofauti hiyo kuliko ngozi inavyoitambua.

Sasa vipeo viwili vinaelezeka. Kinachorefusha minyororo ni vituo hai, zile ioni za oksonio, na kila kituo kinachozaliwa kwa njia ya protoni kinahitaji molekuli moja ya maji na moja ya kichocheo. Fikiria stendi yenye daladala na madereva: gari bila dereva haliondoki, na dereva bila gari haondoki, kwa hiyo ukitaka kujua safari za siku hiyo, hesabu kile kilicho kichache. Agosti maji yalikuwa machache kuliko kichocheo. Kuongeza kichocheo kulikuwa kuongeza magari yasiyo na madereva, na kasi ikabaki pale inaposhikiliwa na maji. Januari maji yalizidi, kichocheo kikawa ndicho kichache, na kasi ikakifuata.

Picha hiyo imerahisishwa. Vituo hivi havizaliwi vyote mara moja, na kuna usawa wa kwenda na kurudi kati ya boroni trifluoridi iliyoshika maji, iliyoshika eta na iliyoshika epoksidi. Tena maji yakizidi sana hayabaki kuwa mwanzilishi. Huanza kukata minyororo: molekuli ya maji hushambulia ncha hai, mnyororo unaishia na hidroksili (kundi la oksijeni na haidrojeni), na protoni inakwenda kuanzisha mwingine mfupi. Boroni trifluoridi iliyozungukwa na maji mengi huwa pia asidi dhaifu zaidi. Ushahidi wa hilo ulikuwa mbele ya macho yake, naye alikuwa ameuandika kwa penseli pembeni bila kuupa uzito. Alipomimina mchanganyiko wa Agosti ndani ya methanoli, polima ilishuka kama unga mweupe unaochujika vizuri. Ule wa Januari ulitua chini ya bika kama gundi, ukanata kwenye kijiti cha kioo, na alilazimika kuukwangua kwa kijiko. Minyororo mirefu hutoa unga mgumu. Mifupi hutoa gundi. Dokezo lile la penseli lilinishawishi kuliko grafu zake zote.

Baada ya kueleza vipeo, yalibaki mambo mawili kwenye mikunjo yake, na yote mawili yalikuwa yamemfanya aandike maelezo ya kimekanizimu (ya namna molekuli zinavyotenda) ambayo data haikuyabeba.

La kwanza ni mwanzo wa mkunjo. Kama idadi ya vituo hai ni thabiti na kasi inafuata kiasi cha monoma, basi logi asilia ya monoma ya mwanzo ukiigawa kwa monoma iliyobaki, dhidi ya muda, inapaswa kuwa mstari mnyoofu. Yake ilianza polepole, ikapanda ghafla, kisha ikalala. Alisema mwanzo ule wa polepole ni uanzishaji unaochelewa na upandaji ni vituo vinavyoongezeka. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini ilibidi aulize kwanza kuhusu joto. Epoksidi moli 1 kwa lita ikitumika yote hutoa kilojuli 95, na lita ya diklorometani hupanda nyuzi moja kwa kilojuli 1.6 hivi. Kama joto lote lingebaki ndani, myeyusho ungepanda zaidi ya nyuzi 50. Bafu la nyuzi 25 linaondoa sehemu ya joto hilo, ila kioo kinapitisha joto taratibu na mmenyuko unakwenda haraka. Asilimia 20 tu ya monoma ikitumika kabla joto halijatoka, myeyusho uko kwenye nyuzi 36, na kwa mmenyuko wenye kizuizi cha nishati cha, tuseme, kilojuli 60 kwa moli, kasi imeshapanda zaidi ya mara mbili. Mkunjo wa namna ya herufi S unaweza kuzaliwa na joto peke yake.

Nyuzi 36 nimezitaja kwa makusudi. Vitabu vinasema diklorometani huchemka kwa nyuzi 39.6, na ndivyo ilivyo usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 88 au 89, na hapa kiyeyushi hicho huchemka kwa nyuzi 36. Fundi sanifu wa maabara alikuwa amemwambia, mapema kabisa, kwamba vizibo vya mpira vilikuwa "vinavimba kama vinataka kuruka" dakika chache baada ya kuingiza kichocheo. Hilo lilikuwa jibu kamili. Kizibo kinachovimba ni shinikizo la mvuke linalopanda, na mvuke ukipanda hivyo myeyusho umeshaacha nyuzi 25 na unaelekea 36. Kasi zote za upande wa kichocheo kingi zilipimwa kwenye joto lisilojulikana, na zikaandikwa chini ya kichwa kinachosema nyuzi 25. Napenda kusisitiza pia usalama: chupa iliyofungwa yenye epoksidi, asidi ya Lewis na kiyeyushi kinachochemka ni hatari. Sikloheksini oksidi bila kiyeyushi, ikipewa boroni trifluoridi, inaweza kulipuka kwa joto lake yenyewe. Kichocheo huingizwa tone kwa tone, kwenye barafu, chupa ikiwa na njia ya kupumulia, ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Dawa ya tatizo la joto haikuhitaji fedha. Alipunguza monoma hadi moli 0.2 kwa lita, akatumbukiza kipimajoto cha waya ndani ya myeyusho wenyewe badala ya ndani ya bafu, akapoza kwa barafu na maji hadi nyuzi 0. Sehemu kubwa ya umbo la S ilipotea. Iliyobaki, ile ndogo, ndiyo anayoweza kuiita uanzishaji wa polepole bila kuona haya. Barafu nayo ilileta jambo lake: ukifungua chupa baridi kwenye hewa ya Januari, umande unatua kwenye shingo ya kioo na kuteremka ndani. Tangu hapo hafungui kitu mpaka kirudi kwenye joto la chumba.

La pili ni mwisho wa mkunjo, na hili nitalikalia, kwa sababu nimeliona katika kazi za watu wengi na ni mtego mzuri kweli.

Mikunjo yake ilikuwa inalala kabla monoma haijaisha. Kwa kichocheo milimoli 10, ilionekana kusimama kwenye asilimia 96 hivi. Kwa milimoli 20, ilisimama kwenye 92. Akaandika kwamba kichocheo kingi huua vituo hai haraka zaidi, labda kwa ioni hasi kuikabidhi ncha hai florini au hidroksili yake. Hoja hiyo ina adabu ya kikemia. Vifo vya namna hiyo vipo kweli kwenye mifumo ya boroni trifluoridi. Lakini tuangalie alivyopima. Alivuta sampuli kwa sindano, akazima mmenyuko kwa trietilamini mara tano ya kichocheo, kisha akapima epoksidi iliyobaki kwa titresheni ya asidi ya haidrobromiki ndani ya asidi ya asetiki, kiashiria kikiwa urujuani wa kristali, mpaka rangi igeuke kutoka urujuani kwenda buluu ya kijani.

Trietilamini ni besi. Ndani ya asidi ya asetiki, asidi ya haidrobromiki huila amini kwanza, ndipo ihamie kwenye epoksidi. Kila moli ya amini iliyo huru husomeka kwenye bureti kama moli ya epoksidi. Kwa kichocheo milimoli 10 aliweka amini milimoli 50. Takriban 10 zilishikwa na boroni, 40 zikabaki huru. Katika monoma ya moli 1, milimoli 40 ni asilimia 4, na mkunjo ukasimama kwenye 96. Kwa kichocheo milimoli 20, amini ni 100, huru ni 80, asilimia 8, na mkunjo ukasimama kwenye 92. Vituo hai havikufa mapema, na monoma haikubaki kiasi kile. Alikuwa anapima dawa yake ya kuzimia.

Rekebisho ni kipimo tupu: chukua kiyeyushi, kichocheo na amini kwa kiasi kilekile bila epoksidi, kisha toa kinachosomeka. Akafanya hivyo, na mikunjo ikapanda hadi karibu na mwisho wa monoma. Mkia wa polepole haukupotea wote, na sehemu iliyobaki ina sababu ya kweli: oksijeni ya mnyororo wa polima ni besi kali zaidi kuliko oksijeni ya epoksidi. Kadiri polima inavyoongezeka ndivyo inavyovutia boroni trifluoridi na protoni kwake, na epoksidi chache zilizobaki zinashindana na umati mkubwa.

Kuna jambo moja ambalo titresheni haiwezi kulisema kamwe, nalo ni kule epoksidi ilikokwenda. Asidi ya Lewis inaweza kuipanga upya pete ya epoksidi ikawa aldehidi au ketoni bila mnyororo wowote. Bureti itaona epoksidi imepungua na kuhesabu upolimishaji ambao haukutokea. Kwa sikloheksini oksidi, dalili ni ukanda wa kabonili (kaboni iliyofungwa mara mbili na oksijeni) kwenye infraredi jirani na 1,725 kwa sentimita. Nilimwomba apime uzito wa polima kavu kila mara na kuulinganisha na epoksidi iliyopotea. Kwa mafuta ya alizeti ukaguzi huo wa infraredi ni mgumu zaidi, kwa sababu esta ya mafuta yenyewe ina ukanda mkubwa kwenye 1,745 unaoficha majirani.

Turudi kwenye maji, maana hoja ilikuwa inahitaji uthibitisho, si hadithi ya misimu tu. Vipimo viwili viliamua. Cha kwanza ni titresheni ya Karl Fischer, inayopima maji. Diklorometani iliyobaki kwenye chupa aliyoifungua na kuifunga tangu kiangazi ilisoma zaidi ya sehemu 272 kwa milioni, ambayo ni zaidi ya milimoli 20 kwa lita, juu ya kichocheo chake kikubwa kuliko vyote. Chupa ya shehena hiyohiyo iliyokuwa haijafunguliwa ilisoma chini ya 68, yaani chini ya milimoli 5, kile kichocheo chake kidogo kuliko vyote. Mpaka kati ya vipeo viwili ulikuwa umeandikwa kwenye chupa mbili zilizosimama rafu moja.

Cha pili ni cha kikemia na ninakipenda zaidi. Kuna besi inayoitwa 2,6-di-tert-butilpiridini, ambayo nitrojeni yake imezungukwa na matawi mawili manene. H. C. Brown, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, ndiye aliyeonyesha kwamba besi hii hupokea protoni lakini inashindwa kuikumbatia boroni trifluoridi, kwa sababu boroni haipati nafasi ya kupita kati ya matawi. Ukiiweka ndani ya mmenyuko, unazima njia ya protoni na kuiacha njia ya asidi ya Lewis peke yake. Alipoiweka, mmenyuko wa Januari ulikaribia kusimama. Haukusimama kabisa, ulitambaa. Ule utambaaji ndiyo njia ya Meerwein, bila maji, na sasa anaweza kuipima kivyake.

Iliyobaki ilikuwa kuamua afanye nini. Ushauri wa kwanza anaopewa kila mtu ni kukausha. Akakausha: punje za zeolaiti za angstromu 3 (zinazonyonya maji) zilizochomwa kwa nyuzi 300 na kupozwa ndani ya desiketa, kiyeyushi kikae juu yake saa 24, vyombo vya kioo vitoke kwenye oveni vikiwa vya moto. (Asithubutu mtu kukausha diklorometani kwa sodiamu, mchanganyiko huo hulipuka.) Kichocheo, ambacho kilikuwa kimeanza kuwa cha kahawia, kilichemshwa upya kwa shinikizo la chini na kukusanywa kikiwa hakina rangi.

Ila maoni yangu ni kwamba kukausha peke yake hakumfai mtu anayefanya kazi kwenye maabara yenye feni badala ya kiyoyozi na puto badala ya bomba la naitrojeni. Utakausha mpaka milimoli 1, na siku ya mvua itakuwa 2, na kwa kuwa maji ndiyo kilicho kichache, kasi yako itakuwa imeongezeka maradufu. Kadiri unavyokausha ndivyo kila chembe inayoponyoka inavyokuwa na nguvu zaidi juu ya matokeo. Njia iliyo imara ni kukausha kwanza, halafu kurudisha mwanzilishi wako mwenyewe kwa kupima: butanidioli (dioli, yaani molekuli yenye hidroksili mbili), kwa mfano, milimoli 50 kwa lita. Hapo milimoli 2 za maji ya mvua ni asilimia 4 ya waanzilishi wote, na msimu hauna sauti tena.

Kuna faida nyingine inayokuja na hilo. Stanisław Penczek na Przemysław Kubisa, wakifanya kazi Łódź huko Poland miaka ya 1980, walionyesha kwamba panapokuwa na hidroksili nyingi na monoma kidogo, mnyororo hurefuka kwa njia nyingine kabisa. Chaji haikai tena nchani. Protoni inakaa juu ya monoma, na hidroksili ya mwisho wa mnyororo ndiyo inayoishambulia. Uwiano wa njia hii kwa ile ya kawaida hutegemea kiasi cha hidroksili ukikigawa kwa kiasi cha monoma, kwa hiyo ukimimina monoma polepole sana, ikawa kidogo daima, njia ya pili inatawala. Hidroksili hazipungui wakati minyororo inarefuka, maana kila inayotumika inazaa nyingine. Kwa mtu wa kinetiki hiyo ni zawadi: idadi ya ncha inajulikana tangu mwanzo kwa mizani, na urefu wa mnyororo unakadiriwa kwa kugawa monoma iliyotumika kwa dioli iliyowekwa.

Jedwali la tasnifu yake sasa lina safu ya maji kando ya safu ya kichocheo, na kila kasi ina joto lililopimwa ndani ya myeyusho. Data ya Agosti imo, ya Januari imo, zikiwa pande mbili za mstari mmoja ambapo maji na kichocheo vinalingana. Thabiti ya kasi aliyoiandika mwanzoni ameiondoa. Badala yake ametoa zao la thabiti hiyo na idadi ya vituo hai, na amesema wazi kwamba kwa mfululizo usio na dioli hawezi kuvitenganisha.

Mafuta ya alizeti yanamsubiri, na yatakuja na maji yao, asidi ya asetiki iliyobaki kutoka kwenye kuepoksidisha, na hidroksili za pete zilizofunguka kabla ya wakati. Kwa sasa anaosha sampuli ya kwanza kutoka Singida kwa soda na maji ya chumvi, na atapima hidroksili zake kabla hajaigusa kwa kichocheo.